Krismasi kwa treni kutoka Malindi: hesabu saa zako kuanzia lango la Miritini

Kila ikifika Novemba simu yangu hulia kwa jambo moja. Mwenye wageni wanaoteremka kutoka Nairobi, mwenye kijana anayerudi chuoni, jirani ambaye kwao ni Kakamega na anataka kula Krismasi na mamake: wote wanatafuta tikiti ya treni, na wote huuliza, "Nafasi zipo?" Swali si baya, ila si la kwanza. Sisi wa Malindi hatuna reli. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara ikatuacha, na hii mpya, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ikafuata mle mle. Kwetu safari ya treni ni kilomita mia moja na ishirini za barabara kwanza, kisha kuvuka kisiwa cha Mombasa, ndipo treni yenyewe. Nimeona watu wenye tikiti halali mkononi wakiikosa treni kwa sababu ya foleni ya Mtwapa, njiani kwenda Mombasa. Sijaona hata mmoja aliyeikosa kwa kutojua kubonyeza simu.

Kwa hiyo mwongozo huu naupanga kinyumenyume, kama ninavyowapangia watu wa nyumbani.

Hatua ya kwanza: jua kama maji yanajaa au yanapwa

Disemba watu wa bara huteremka pwani. Huanza shule zikifungwa, huongezeka kwenye Jamhuri tarehe 12, na bamvua lenyewe huwa tarehe 20 mpaka 24. Siku hizo treni za kutoka Nairobi kuja Mombasa ndizo hujaa mwanzo. Mwaka mpya ukiingia maji hupwa: watu hao hao wanataka kurudi kabla ya shule kufunguliwa, na treni za kutoka Mombasa kwenda Nairobi ndizo zinazogombewa.

Ukitoka Malindi kwenda bara kabla ya Krismasi na kurudi mapema Januari, unakwenda kinyume na umati pande zote mbili. Haimaanishi utapata kiti asubuhi ya safari, kwa sababu Mombasa nayo ina watu wake wengi wa bara wanaokwenda makwao. Lakini wiki mbili au tatu kabla, mara nyingi bado kuna pa kuchagua. Anayepokea wageni ndiye mwenye haraka. Mgeni akikuambia kwa simu mwanzoni mwa Disemba kwamba "bado anafikiria", mwambie kwa upole afikirie akiwa na tikiti mkononi.

Na tikiti ya kurudi ikatwe siku moja na ya kwenda. Hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna mtu hulipuuza. Mtu hufurahi kupata kiti cha kuteremka tarehe 22, anakaa Malindi akila samaki wa kupaka, halafu tarehe 2 Januari anaanza kutafuta cha kurudi. Mwaka juzi nilikaa na wageni wangu siku nne zaidi ya walivyopanga. Niliwapenda siku zote nne, ila unga haukuwapenda.

Hatua ya pili: chagua treni kwa kuangalia barabara

Kati ya Mombasa na Nairobi treni za abiria hutoka katika nyakati tatu, na saa ni zile zile kwa kila upande: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Miaka kadhaa Shirika la Reli limeongeza mabehewa au treni za ziada mwezi wa Disemba, kwa hiyo ukikuta kumejaa usikate tamaa siku hiyo hiyo. Fuatilia matangazo yao.

Ya asubuhi ndiyo inayosimama njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Hufika Nairobi kama saa nane mchana. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa anayetaka kuona nchi, na kwa anayeendelea mbele ya Nairobi. Kero yake kwa mtu wa Malindi ni moja: ili uwe Miritini, kwenye kituo cha SGR cha Mombasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi unatakiwa utoke nyumbani kama saa tisa usiku, saa ambayo hata jogoo hajajigeuza. Kama una jamaa Mombasa, lala kwake. Usilale Mtwapa ukajihesabia umefika, maana kutoka Mtwapa mpaka Miritini asubuhi kuna foleni ya kuingia mjini.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kama unasafiri kwa gari la nyumbani, au mmejikusanya watu watano mkakodi gari, hamna haja ya kwenda Mombasa kabisa. Vukeni daraja la Kilifi, fikeni Mavueni, pindeni kulia kuelekea Kaloleni, mtatokea Mariakani. Treni ya asubuhi husimama hapo. Kateni tikiti ya kupandia Mariakani tangu mwanzo na muangalie saa yake kwenye ratiba, kwa sababu treni hufika hapo baada ya kutoka Miritini na haikai. Hata mwenye tikiti ya Miritini mwenye gari lake anaweza kupita huko, akateremka kupitia Mazeras, akaiepuka Mtwapa, Bamburi na daraja la Nyali zote kwa mkupuo mmoja. Kwa matatu za kuungaunga alfajiri, siishauri.

Ya saa tisa alasiri ndiyo ninayowakatia watu wengi. Unatoka Malindi asubuhi ukiwa umekunywa chai, unafika Nairobi baada ya saa mbili usiku, na ukipata mtu wa kukupokea unalala kitandani.

Ya saa nne usiku hufika kama saa tisa na nusu usiku, kabla ya adhana ya alfajiri. Vijana huipenda kwa kuwa hawapotezi siku. Mimi kwa mtu mwenye watoto wadogo au mzazi mwenye magoti siipendi hata kidogo: ni kuwaamsha wakati usingizi umekolea na kuwaweka kwenye benchi kusubiri kupambazuke.

Hatua ya tatu: saa za tikiti na saa za kwetu

Kichwa hiki ni kifupi lakini kimegharimu familia yetu tikiti mbili. Tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu. Mjomba wangu alioneshwa kwenye simu namba nane, akasema, "Alhamdulillahi, saa nane mchana, nitatoka baada ya chai." Saa nane alipokuwa langoni Miritini na begi lake, treni yake ilikuwa inaingia Nairobi. Ikiwa unamkatia mtu tikiti, usimtumie ile picha peke yake. Mwandikie kwa maneno: treni inaondoka saa mbili asubuhi, wewe uwe langoni saa kumi na mbili na nusu.

Kosa la pili ni la tarehe. Treni ya usiku inayotoka tarehe 23 humfikisha mgeni tarehe 24 kabla ya jua. Mpokeaji na msafiri wakubaliane ni tarehe ya kutoka au ya kufika wanayoitaja. Nishamkuta dereva wa tuktuk aliyetumwa kumpokea mtu usiku mmoja baada ya mtu mwenyewe kuwa ameshafika, amelala na ameshaoga bahari.

Hatua ya nne: kata tikiti

Piga *639# au ingia kwenye tovuti ya tikiti ya Shirika la Reli, kisha lipa kwa M-Pesa. Kabla hujaanza, kaa chini na karatasi. Andika jina la kila abiria kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho chenyewe. Sisi tuna mazoea ya majina ya nyumbani. Mtu anaitwa Mwana Kombo tangu utotoni, na kitambulisho kinasema jambo jingine. Langoni wanaangalia kitambulisho. Mgeni wa kutoka nje, kama hawa Waitaliano wetu, hukatiwa kwa namba ya pasi.

Hakikisha M-Pesa ina pesa ya kutosha kabla ya kuanza, ya kwenda na ya kurudi, maana ukienda kutafuta wakala katikati ya shughuli unaweza kurudi ukute kiti kimechukuliwa. Tangu Januari 2024 nauli kamili kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Anayeshukia njiani, tuseme Voi, hulipa pungufu. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya hapo hupakatwa bure. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto hata kama unaona umri wake unajieleza.

Ukishalipa, utapokea ujumbe wenye namba ya tikiti. Usiufute, na uupeleke kwenye simu ya pili. Mara mbili nimeona simu ikizima kwa kuishiwa moto wa betri watu wakiwa njiani, na mmoja wao alikuwa ndiye mwenye tikiti za watu sita. Andika namba hiyo kwenye karatasi, uitie pamoja na kitambulisho. Tikiti yenyewe utaichapisha kituoni kwenye mashine, na siku za sikukuu mashine hizo zina foleni zake.

Kuhusu watu wanaokuambia wana tikiti za ziada, wakikutajia bei ya juu kidogo "kwa kuwa ni Krismasi": tikiti ina jina na namba ya kitambulisho cha mtu. Ukinunua ya mwingine umenunua karatasi.

Je, ukate daraja la kwanza? Tofauti ni shilingi 3,000 kwa kila mtu. Daraja la kawaida viti vinatazamana, watatu upande mmoja na wawili upande mwingine wa ujia, na magoti yako yatafahamiana na magoti ya mtu usiyemjua. Kwa safari ya mchana ya saa tano au sita kijana anavumilia vizuri. Mzee anayeumwa mgongo, mwenye mimba kubwa, au mtu anayesafiri usiku na anahitaji kulala, mlipie ikiwezekana. Kwa familia ya watu sita hiyo ni shilingi 18,000 upande mmoja, na mimi ningezipeleka kwenye karo ya Januari.

Hatua ya tano: Malindi mpaka Miritini

Siku ya kawaida matatu ya Malindi hufika Mombasa kwa saa mbili au mbili na nusu. Wiki ya Krismasi usiitumie hesabu hiyo. Barabara ya Mombasa mpaka Kilifi imekuwa kwenye kazi ya kupanuliwa, kuna michepuko, kuna vumbi, na siku ambazo mvua za vuli zimekawia kuisha kuna matope. Mtwapa ndiyo koo la chupa. Kisha Shanzu, Bamburi, mpaka unavuka daraja la Nyali na kuingia kisiwani, halafu unatakiwa utoke tena kisiwani kwa upande wa Makupa, upite Changamwe ndipo ufike Miritini.

Hesabu yangu ya treni ya saa tisa ni hii. Langoni niwe saa saba na nusu. Mombasa mjini mpaka Miritini naipa muda wa saa moja. Kushuka matatu moja, kuvuka na mizigo, kupata nyingine: nusu saa. Barabara ya Malindi: saa tatu na nusu. Hiyo inanirudisha saa mbili na nusu asubuhi, na kwa kuwa matatu haiondoki mpaka ijae, nakuwa stejini saa mbili. Ukifika mapema sana utakaa kivulini ununue maji. Kwa treni ya saa nne usiku watu husema watoke saa kumi jioni. Mimi naondoka saa nane mchana, maana saa kumi na moja Mtwapa huwa imefunga na watu wanatoka kazini.

Siku hizo nauli ya matatu hupanda. Uliza kabla ya kupanda, mbele ya watu, na ujue umekubali nini. Na ukiwa na mizigo mikubwa, kaa upande unaoiona inapotiwa.

Ukifika Mombasa, sema neno sahihi. Wazee wetu wakisema "stesheni" wanamaanisha ile ya zamani pale mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ndani ya mji. Nimeshuhudia dereva wa tuktuk, mtu mzima wa makamo, akimpeleka bibi pale kwa moyo safi kabisa. Wewe sema "SGR, Miritini." Kama mko watatu au wanne, teksi au tuktuk ya kuchangia kutoka mahali mnaposhukia huokoa muda kuliko kutafuta matatu ya Changamwe na mabegi vichwani.

Jamaa zetu wa Lamu nao huuliza. Kwao kuna mashua mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, na vizuizi vya polisi ambapo watu hushuka kukaguliwa vitambulisho. Usijaribu kuiunganisha siku moja na treni. Njoo ulale Malindi. Kama huna mtu, una sisi.

Hatua ya sita: mizigo

Kabla ya kuingia kituoni mabegi hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi anayanusa, watu wamesimama pembeni. Kisha mashine ya kukagua, kisha kitambulisho na tikiti. Mbwa hana haraka na wewe usiwe nayo. Begi lililofungwa kwa kamba thelathini litakupa tabu likitakiwa kufunguliwa.

Visu, panga na mitungi ya gesi haviingii. Pombe pia haiingii, na mnazi ni pombe hata ukiutia kwenye chupa ya soda. Shangazi yangu alifunga mbuzi ya kukunia nazi kwenye kanga, zawadi ya binti yake aliyeolewa Machakos ambako, kwa maneno yake, "wananunua nazi ya kopo kama wagonjwa". Ile mbuzi ina ulimi wa chuma wenye meno, na kwenye mashine ilionekana kama silaha ya vita. Shangazi alieleza, alionesha kwa mikono namna ya kukaa na kukuna, watu wakacheka, lakini mbuzi ilirudi Malindi nami. Iliondoka siku ya tatu kwa basi.

Disemba embe zetu zimeiva, na hakuna mtu wa Malindi anayekwenda bara mikono mitupu. Chukua ngowe au boribo zilizo ngumu bado, zisizotoa harufu, uzipange kwenye katoni yenye magazeti na uifunge kamba ya kushikia. Zikifika Nairobi zitaiva siku mbili baadaye. Usichukue zilizolainika, maana katika behewa lililofungwa madirisha kila mtu atajua unakotoka. Samaki, hata wa kukaanga, mpeleke kwa basi au umuache. Kuhusu nazi, tano zinatosha. Uzito wake utaujua kwenye ngazi za Syokimau, kituo cha Nairobi.

Mfuko wa mkononi uwe na vitambulisho, dawa, chaja, maji na leso mbili. Nasema leso kwa sababu ya baridi. Unatoka Malindi kaskazi imeanza kupiga, umevaa fulana nyepesi, unaingia kwenye behewa lenye hewa ya mashine ambayo usiku inakutetemesha meno, halafu unashuka Nairobi kwenye baridi ya alfajiri. Sweta ya mtoto isiwe ndani ya begi lililo juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Kuna behewa linalouza chakula na vinywaji, lakini mahamri ya nyumbani na bajia kavu hazina mfano, na bei yake unaijua.

Hatua ya saba: ndani ya treni

Tafuta namba ya behewa kwanza, halafu ya kiti. Siku za sikukuu watu hukaa popote pawapendezapo mpaka mwenye kiti aje. Muoneshe tikiti kwa salamu, atainuka. Kama familia imetawanywa, muombe abiria mmoja mbadilishane kabla treni haijaondoka, wakati kila mtu bado ana uso mzuri.

Treni ya mchana ukielekea Nairobi, upande wa kushoto ndio wa Kilimanjaro, kuanzia Mtito Andei kwenda mbele, kama mawingu yameridhia. Reli inapita kati ya Tsavo Mashariki iliyo kuliani na Tsavo Magharibi kushotoni, na ndovu wa huko ni wekundu kwa vumbi la udongo wao. Baada ya vuli nyasi huwa ndefu na wanyama wametawanyika, kwa hiyo usimuahidi mtoto ndovu, muahidi kutazama. Na lile daraja refu la kupita juu ya mbuga ya Nairobi ambalo watu huliona kwenye picha liko mbele ya kituo cha Nairobi, kwenye kipande cha kwenda Suswa. Wa kutoka Mombasa halimhusu.

Kwa wanaoswali: treni ya saa tisa huondoka kabla ya Alasiri kuingia kwetu. Swali Adhuhuri na Alasiri kituoni, kwa kupunguza na kukusanya kama msafiri, na udhu ushike mapema kwa kuwa vyoo vya treni iliyojaa si mahali pa kukawia. Magharibi itakukuta njiani, unaikusanya na Isha ukifika.

Hatua ya nane: Syokimau na mbele yake

Kituo cha Nairobi hakiko Nairobi ya mjini. Kiko Syokimau, na kufika katikati ya mji ni safari nyingine. Mchana na jioni kuna treni ndogo inayounganisha mpaka kituo cha zamani cha mjini, nayo ndiyo inayoshinda foleni ya barabara ya Mombasa. Ukishuka tu, ifuate. Usisimame kupiga picha kwanza. Ukifika usiku wa manane, kaa ndani ya kituo penye watu na taa mpaka kupambazuke, au uwe umeshapatana na mtu wa teksi anayejulikana na jamaa yako. Saa hiyo si ya kupatana bei barabarani.

Yule jirani yangu wa Kakamega hufanya hivi: anapanda ya saa mbili asubuhi, anashuka saa nane, anakula, anapanda basi la jioni alilolikatia tikiti wiki tatu kabla. Mwaka aliokwenda kwa treni ya usiku bila tikiti ya basi, alikuta nauli imepanda maradufu na watu wamelala stendi. Treni ikishakufikisha Nairobi tarehe 23, shida yako bado nusu.

Ukikosa kabisa

Mabasi ya kwenda Nairobi hutoka hapa hapa Malindi jioni, hupita Mombasa na kukufikisha asubuhi bila kushika daraja la Nyali na begi kichwani. Kwa mtu mwenye katoni nne, gunia la nazi na watoto watatu, mimi humwambia apande basi tangu mwanzo hata kama viti vya treni vipo. Treni ina raha yake kati ya Miritini na Syokimau. Ni huku na huku mwake ndiko kunakochosha. Ila basi la Krismasi lipande la kampuni unayoijua, na kama dereva anasinzia au anakimbia, sema kwa sauti. Abiria wakisema pamoja, hupunguza.

Kwa anayepokea wageni

Mgeni anayeshuka Miritini saa tatu kasoro usiku na treni ya alasiri hawezi kutegemea matatu ya kuja Malindi. Mambo ni mawili: umtafutie pa kulala Mombasa, aje asubuhi akiona bahari ya Kilifi kutoka darajani, au umtumie gari. Gari la kukodi kutoka Malindi kwenda kupokea watu usiku lipatane wiki moja kabla na bei ijulikane, kwa sababu tarehe 23 kila mwenye gari Malindi ana mgeni wake. Mpe dereva jina la mgeni, idadi ya mabegi na namba ya simu inayopatikana. Wakishuka wote pamoja, watu mia kadhaa hutoka kwenye mlango mmoja, na kila mmoja yuko kwenye simu akisema, "Niko hapa nje, nimevaa nyeupe." Mwambie mgeni wako ajifunge leso nyekundu begani, na dereva ajue hivyo. Kwangu imefanya kazi miaka mitatu.

Wa treni ya usiku ndio wepesi kuliko wote. Hufika kabla ya alfajiri, hukaa kituoni mpaka mwanga, huingia Mombasa kunywa chai, na kwa kuwa asubuhi foleni inaelekea mjini na wao wanatoka, kabla ya Adhuhuri huwa wameshafika Malindi wakiuliza bahari iko upande gani.